Mlango wa Mzee Umrao

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Hurmat alisimama kwenye ngazi za msikiti wa Chandoli akawakumbusha wenzake adabu za mzunguko wa kualika watu msikitini, mlango kwa mlango. Waende upande wa kulia wa njia, macho chini, ulimi ukimtaja Mungu. Wakifika mlangoni wasisimame uso kwa uso nao, maana ndani mna wake za watu. Wabishe hodi, watoe salamu, wangoje. Wakibisha mara tatu bila jibu, waondoke bila kinyongo. Msemaji aseme maneno machache. Asiyepewa kazi ya kusema anyamaze kabisa, na hapo Hurmat akamtazama Nasru, ambaye mzunguko uliopita alimshika mwenye nyumba kwa habari za nyati wake mgonjwa mpaka adhana ya magharibi ikawakuta njiani.

Mtu mmoja alibaki msikitini kuwaombea. Waliosalia wakashuka ngazi, Hurmat mbele kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia, mwenye kujua mlango gani ni wa nani. Walipofika bwawani wakakuta nyumba ya mzee Umrao imevuka.

Tangu enzi za babu zao nyumba hiyo ya udongo ilikuwa ng'ambo, peke yake, karibu na magofu ya majirani waliohamia Delhi. Sasa ilikuwa upande huu, kando ya banda la Nasru, na jiko lake la nje, kitanda chake cha kamba na pazia lake la gunia mlangoni. Kuta zilikuwa zimelowa kwa chini.

"Hapa atapata kivuli," Nasru alisema. "Kule jua lilikuwa linamchoma mchana kutwa."

"Macho chini," alisema Mwalimu Fazru, amiri wao.

Wakapita, wakabisha hodi mlango uliofuata.

Chandoli ni kijiji cha Wameo, watu wa haradali na nyati wa maziwa, na kazi ya kualika watu kwenye dini ilikuwa imekolea pale kuliko sehemu nyingi. Kila mwezi kundi lilifunga magodoro likaenda kulala siku tatu katika msikiti wa kijiji kingine, likijipikia lenyewe na kula sinia moja. Walioweza walitoka siku arubaini. Wachache walitoka miezi minne, wakafika Assam na hata nchi za mbali. Waliporudi walikuta nyati wamekamuliwa na wake zao na mashamba yamepaliliwa na wake zao, wakamshukuru Mungu.

Mwalimu Fazru, aliyestaafu ualimu wa hesabu na kubaki na sauti ya darasani, alikuwa akisema kwamba roho ya kazi yote ni mlango. Asiyekuja msikitini afuatwe kwake. Mlevi afuatwe. Mcheza karata afuatwe, na asipofungua afuatwe tena Alhamisi ijayo. Hakuna mja wa kurukwa.

Hurmat aliyaamini maneno hayo kuliko wengi kwa kuwa yeye mwenyewe aliokotwa mlangoni. Zamani alikuwa dereva wa lori la mawe, mlevi wa kupindukia, na mkewe Asgari alikuwa amekwisha kufunga nguo zake arudi kwao. Jioni moja mtu asiyemjua, mwenye mguu mbovu, alibisha hodi. Hurmat alimtukana yeye, mama yake na mguu wake. Yule mtu alingoja matusi yaishe, kisha akasema, "Ndugu yangu, tumekuja kwa ajili yako." Hakuna mtu aliyewahi kuja kwa ajili ya Hurmat, isipokuwa wadai na polisi. Alikaa kizingitini akalia kama mtoto. Sentensi ile ndiyo aliyoifundisha kila msemaji aliyepita mikononi mwake.

Mzee Umrao alirukwa. Hakuna aliyeamua hivyo, na jambo lenyewe halikuwahi kuletwa kwenye mashauri. Umrao alikuwa Mmirasi, wa ule ukoo ulioimba nasaba za Wameo kwenye harusi zao na kulipwa nafaka. Mmirasi alikaribishwa kila nyumba, lakini wenyeji walipokaa kitandani yeye alikaa chini. Kiko cha maji kilipozungushwa kilimruka. Jikoni kwa Hurmat kikombe na sahani ya Umrao kila kimoja kilikuwa na msumari wake ukutani, na Asgari alipommiminia chai aliinua birika juu kidogo ili mdomo wake usiguse kikombe. Sasa mtu kama huyo ukimbishia hodi, itabidi umwalike. Ukimwalika atakubali. Akikubali, siku tatu atakula sinia moja na wewe, mkono wake na mkono wako kwenye wali uleule. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kulisema.

Na Umrao hakuwa mtu wa kuhitaji kuvutwa. Jamaa walipoanza kuhubiri kwamba ngoma za harusini ni upuuzi, yeye aliliuza zeze lake kwa mtu wa Alwar kabla hawajamaliza mahubiri. Akabaki kusokota kamba za vitanda. Alisali sala zote tano msikitini, safu ya nyuma kabisa. Kipupwe kilichopita, baada ya mawaidha, Mwalimu alipouliza nani yuko tayari kutoka siku tatu, Umrao alisimama akataja jina lake. Msikiti mzima ukasema alhamdulillahi, kama ilivyo desturi. Siku ya safari alikuja na godoro lake limefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, nzuri kuliko kamba za wote. Mwalimu alimshika bega, akamwambia kwa upole kwamba gari limejaa na baridi ya huko haifai kwa kifua chake. Gari liliondoka, na Nasru alisafiri amenyoosha miguu. Umrao akarudi nyumbani, akaliegemeza godoro karibu na mlango bila kulifungua.

Hapo ndipo alipoamua kwamba njia iliyobaki ni ile ya wengine wote, yaani aje mtu abishe hodi.

Baada ya kuvuka bwawa, nyumba ilitulia hadi Alhamisi nyingine. Nasru, kwa kuwa ilikuwa karibu na banda lake, alizoea kumfunga nyati kwenye nguzo ya mlango wake. Asubuhi moja alikuta nguzo haipo, wala nyati. Aliwakuta wote wawili mbele ya duka la sabuni, nyati akicheua, Umrao akimkamua.

"Mzee, hayo maziwa yangu!" Nasru alifoka.

"Kelele. Ulitaka apasuke viwele?" Umrao alisema. "Lete ndoo. Na mwambie mkeo ampunguzie majani mabichi, anaharisha huyu."

Fundi wa umeme alikuja kwa pikipiki, akatazama waya uliokuwa umevutika toka ng'ambo ya bwawa mpaka dukani, akaunga kipande kingine akaondoka. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama nyumba imeziba njia ya trekta. Alipoambiwa haijaziba, alisema basi.

Kila Alhamisi jamaa walipotoka kuzunguka waliikuta imesogea karibu zaidi na msikiti, na kila Alhamisi pazia la gunia lilikuwa limefungwa kando vizuri, kizingiti kimefagiwa, na Umrao amekaa ndani na kofia safi, godoro karibu naye. Aliwasikia wakija. Aliwasikia wakipita. Hurmat alijua kwamba anasikia, na kila mara alipofika pale dhikri ilikuwa ya mdomoni tu.

Jambo liliingia kwenye mashauri, hatimaye, kwa sababu ya viatu. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lango la msikiti na kusimama pale ambapo watu walivulia viatu. Walikaa duara baada ya sala ya alfajiri, kila mmoja akaombwa rai yake. Nasru alisema nyumba ina tabia mbaya, imekwenda na nyati wa watu. Mwuza sabuni alisema kwake imeleta wateja. Hurmat, zamu yake ilipofika, alikuwa amejiandaa. Alikuwa amelala na maneno yenyewe mdomoni. Akasema, "Mimi naona..." kisha akamwona Mwalimu Fazru akimtazama kwa upendo wa mtu anayekaribia kuwa mkwe, maana Shakila, binti wa Hurmat, alikuwa amechumbiwa na Irshad, mwana wa Mwalimu, na harusi ilikuwa baada ya mavuno ya haradali.

"Naona viatu vinaweza kuwekwa ukutani kwake," Hurmat alimalizia. "Pana kivuli."

Mwalimu akaamua hivyo, kwa kuwa amiri ndiye mwenye neno la mwisho. Viatu vikapangwa chini ya ukuta wa Umrao, na Umrao akaweka ubao visilowe.

"Si umbishie hodi tu?" Asgari alimwambia mumewe siku hiyo, akipiga mikate ya uwele kwenye viganja. "Nyumba ya mtu imetoka ng'ambo ya bwawa. Unataka ikupande kichwani?"

"Mama Shakila, usinichokoze. Nikibisha, Mwalimu atasemaje?"

"Mwalimu si ndiye anayesema hakuna mja wa kurukwa?"

"Anasema. Lakini ndugu zake hawatakula sinia na Mmirasi, wala hawatachukua binti kwa mtu anayekula na Mmirasi. Unataka Shakila arudishwe kama nguo iliyopwaya?"

Asgari aligeuza mkate. Alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli ulikuwa kwamba hakutaka.

"Basi mpelekee huu ungali moto," alisema, akachukua sahani ya Umrao kwenye msumari wake.

Kabla tu ya mavuno walikuja wageni kutoka Java, kundi la watu wapole waliovaa misuri, na mkalimani kutoka Delhi. Kijiji kizima kiliwapenda. Mkubwa wao, Haji Wiryo, mzee mfupi mwenye meno machache na kicheko kingi, aliomba atoke kwenye mzunguko pamoja na wenyeji. Alijifunza ile sentensi kwa lugha ya Wameo siku nzima, akiwatamkia wapishi na mbuzi. Ndugu yangu, tumekuja kwa ajili yako.

Alasiri ya Alhamisi walishuka ngazi za msikiti. Nyumba ya Umrao ilikuwa imesogea tena mchana ule, na sasa kizingiti chake kilikuwa kimegusana na ngazi ya mwisho ya msikiti. Usingeweza kushuka bila kukanyaga mbele ya mlango wake. Haji Wiryo, ambaye hakuwa na habari ya nani ni nani, aliona mlango. Akasogea upande kama adabu inavyotaka, akashusha macho, akainua mkono kubisha.

Hurmat alimshika kifundo cha mkono.

"Hapo hakuna mtu," alisema.

Mkalimani alitafsiri. Haji Wiryo alitazama godoro lililoonekana nyuma ya pazia, akatazama moshi uliokuwa unatoka jikoni, akamtazama Hurmat. Ndani mtu alianza kukohoa, kikohozi cha kifua kibovu, kisha kikakatika katikati kama kilichozibwa kwa mkono. Mwalimu Fazru alikuwa anasoma dhikri kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida. Haji Wiryo aliinamisha kichwa kwa heshima, kwa kuwa mgeni humfuata kiongozi wa njia, na wakaenda kwenye mlango uliofuata. Huko alisema sentensi yake vizuri sana, na mcheza karata mmoja akatokwa na machozi.

Hurmat alirudi peke yake kabla ya magharibi. Umrao alikuwa amekaa kizingitini, uso umemvimba.

"Karibu, Hurmat wa Chandar, wa Jormal, wa Sahab Khan," alisema. Alikuwa ameacha kuimba, lakini nasaba hazikumtoka. "Leo nimesikia kwamba sipo."

Hurmat alikaa chini, kwenye vumbi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Mmirasi. "Ami, nisamehe."

"Nilikuwa nakohoa nikajizuia. Nusura nife. Nikasema, nisimfanye mwana wa Chandar mwongo mbele ya wageni." Akacheka, na kikohozi alichokizuia tangu alasiri kikamjia chote. Kilipotulia akajifuta macho. "Ungekuwa wewe mlevi siku ile, na mimi ndiye niliyekuja kukubishia hodi, ungenifungulia?"

"Ningekutukana."

"Ah! Hata kutukanwa ningekubali. Mtu anatukana anayemwona."

Hurmat aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alifikiri, nisimame sasa, nisogee upande, nibishe. Mlango huu hapa, mwenyewe huyu hapa, kazi ya dakika moja. Msikitini watu walikuwa wanaanza kufika kwa sala, wakivua viatu karibu na magoti yake, wakimsalimu. Irshad alikuwa miongoni mwao. Alimsalimu kwa mikono miwili, kama mkwe mwema.

"Baada ya harusi, Ami," Hurmat alisema kwa sauti ya chini. "Wallahi. Harusi ikipita tu, nakuja na wenzangu, nakubishia hodi kama inavyotakiwa."

"Mimi na godoro langu tupo," Umrao alisema. "Hatuna safari nyingine."

Toka siku ile nyumba haikusogea. Ilikuwa imefika.

Umrao alifariki haradali ikiwa imevunwa lakini haijapurwa. Asgari ndiye aliyegundua, alipopeleka chai akamwita na kumwita toka nje. Msiba ulikuwa wa heshima. Mwalimu Fazru mwenyewe alisimamia kuoshwa kwake na akasalisha. Alisema kwa uchungu wa kweli kwamba Chandoli imepoteza mtu wa safu ya kwanza, ingawa Umrao hakuwahi kusali katika safu hiyo. Walimzika ng'ambo ya bwawa, kwenye makaburi ya Wamirasi. Watu kadhaa waligeuka kuangalia kama nyumba imemfuata. Haikumfuata. Hurmat alitupa udongo kaburini kwa mikono yote miwili, kisha akaendelea kutupa baada ya wengine kumaliza, mpaka Nasru akamwondoa.

Harusi ya Shakila ilifana. Wageni walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo wanaume wakalishwa kwenye mikeka chini ya kivuli cha nyumba ya Umrao, migongo kwenye ukuta wake, sinia baada ya sinia. Hakukuwa na mwimbaji wa kutaja nasaba za bwana harusi. Mzee mmoja alijaribu, akamruka babu mmoja, na pakazuka ugomvi mdogo.

Baada ya harusi, Mwalimu Fazru alileta shauri jipya. Vijana waliojitokeza kwa kazi walikuwa wengi, na wengi hawakujua adabu za mlango. Walibisha kama polisi. Walisimama wakichungulia ndani. Pawe na mlango wa kujifunzia, wakosee pale kabla ya kwenda kwenye milango ya watu. Na mlango upo, alisema, karibu na msikiti, hausumbui mtu. Kila mmoja aliona ni rai njema. Wakamkabidhi kazi hiyo Hurmat, kwa kuwa hakuna aliyejua milango kama yeye.

Kwa hiyo kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mlango wa mzee Umrao hubishiwa hodi. Hurmat huwapanga wanafunzi kwenye ngazi ya mwisho. Huwaonyesha pa kusimama, macho yaelekee wapi, mkono ubishe kwa uzito gani. Wanafunzi hubisha mmoja mmoja na kutoa salamu, kisha husema ile sentensi kwamba wamekuja kwa ajili yake. Ndani hujibu sauti yenye kifua kibovu.

"Waalaikumu salaam. Nipo, nipo. Nakuja, nalibeba tu godoro."

Husikika kamba ikikazwa, na miguu ikiburuzwa kuelekea mlangoni. Mwanzoni mwanafunzi mmoja, mgeni wa mambo, alimgeukia Hurmat akauliza kama wamngoje.

Hurmat aliinama akanyoosha ubao wa viatu chini ya ukuta. Wenzake walidhani hakusikia.

"Huu ni wa kujifunzia," alisema. "Twendeni kwenye milango ya watu."

Wakashusha macho, wakashika upande wa kulia wa njia. Nyuma yao pazia la gunia lilisogezwa, kama lilivyosogezwa kila Alhamisi. Wao walikuwa wamekwisha kufika kwa Nasru, ambaye alifungua upesi na kuwaletea maziwa.